Wifi Yangu, Bezi Mdogo

Siku wifi yangu alipoingia nyumbani na lile gita, alikuwa amelizungushia shuka na kulikumbatia kifuani, nami nilidhani kaokota mtoto.

"Usiniulize," alisema kabla sijafungua mdomo. "Wifi, shika mlango tu, usiniulize."

Nilishika mlango. Alipita ubavu ubavu, akaenda moja kwa moja hadi chumba chake cha nyuma, akalilaza kitandani na kuanza kulifunua kutoka miguuni. Lilikuwa gita la umeme, rangi ya bluu iliyopauka kama sare ya kazi iliyofuliwa miaka. Pembeni rangi ilikuwa imebanduka mpaka mbao inaonekana. Pini moja ya kukazia uzi ilikuwa haina kichwa. Mtu alikuwa amepachika kipande cha chuma mahali pake. Nyuzi zilikuwa nne, zile nene. Nyembamba mbili hazikuwepo.

"Si linatakiwa kuwa na nyuzi sita?" niliuliza.

"Kwani hizi nne nimezimaliza? Nikizimaliza nitaomba nyingine."

Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule akaenda kupiga pasi kwenye dobi kubwa, ile inayopokea mashuka ya hoteli na sare za wahudumu, ili mdogo wake asome. Mdogo wake akasoma, akapata kazi, akanioa mimi. Yeye bado yuko kwenye meza ileile ya pasi. Hakuolewa. Ukimuuliza atakwambia hakupata nafasi, na anasema hivyo bila huzuni yoyote, kama mtu aliyekwenda dukani akakuta limefungwa. Huzuni hiyo nimekuwa nikimsaidia kuibeba mimi, bila yeye kuniomba.

Gita alilitoa kwa fundi redio jirani na kazini kwake. Mwenye gita alilileta litengenezwe, asirudi tena. Fundi akalitundika dirishani kati ya feni na jiko la umeme, likakaa hapo hadi likawa kama sehemu ya ukuta.

"Kila nikipita linanitazama," wifi alisema. "Asubuhi linanitazama, jioni linanitazama. Leo nikamwambia fundi, basi lishushe, maana hata wanaume hawajawahi kunitazama hivyo. Akaniuzia bei ya kupunguza vumbi."

Mume wangu aliporudi kazini alisimama mlangoni kwa dada yake, mkoba ungali mkononi.

"Dada, hiki nini?"

"Gita."

"La nani?"

"La nani vipi? Langu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na neno lile lilinishika. Nimekaa na wifi tangu niolewe. Sikuwahi kumsikia akisema "langu" wala "yangu" kwa kitu chochote. Alichokuwa akikiita chake siku zote ni mume wangu: mdogo wangu amekula? Mdogo wangu amerudi?

"Na unajua kupiga?" mume wangu aliuliza, tabasamu likimponyoka.

"Kazi yangu mimi ni nini? Si kupiga? Pasi napiga, na hili nitalipiga."

"Pasi haina nyimbo, dada."

"Wewe hujaijua pasi."

*

Gita la umeme bila spika ni sawa na mtu anayenong'ona sokoni. Wifi alikaa ukingoni mwa kitanda akigusa nyuzi, na kilichotoka kilikuwa kama mbu wa mbali. Nilimhurumia. Nikasema moyoni, sasa atachoka, litarudi kwenye shuka, na shuka litarudi juu ya kabati. Mambo mengi mazuri niliyoyaona maishani yaliishia juu ya kabati.

Siku iliyofuata nilikuwa jikoni niliposikia ukelele. "Wifi! Wifi njoo! Kabati linaimba!"

Nilikimbia na mwiko mkononi. Alikuwa ameegemeza kichwa cha gita kwenye ubao wa kabati la nguo, lile lililoegemea ukuta wa nyuma, ili apumzishe mkono, akagusa uzi kwa bahati, na kabati zima likaitika. Aligusa tena ili nisikie. Sauti ilitoka kwenye mbao, nzito, yenye tumbo, hadi hanga za nguo zikatetemeka ndani. Tulitazamana kama watoto waliogundua mahali panapofichwa sukari.

"Weka sikio," alisema. Nikaweka sikio kwenye mlango wa kabati. Akapiga. Nikacheka peke yangu mle kwenye harufu ya nguo.

Tangu hapo kila jioni alikaa hivyo, mgongo umepinda, kichwa cha gita kwenye kabati. Wanaojifunza gita hulia vidole, wanasema nyuzi zinakata kama wembe. Vyake vilikuwa vimekwisha kukomazwa na pasi ya mvuke. Unaweza kumwekea kaa la moto akuulize lina nini.

Mwalimu wake alikuwa ukuta.

Nyumba za mtaa wetu zimepeana mgongo na nyumba za mtaa wa pili. Ukuta wa chumba cha wifi ndio ukuta wa chumba cha mtu mwingine, ila mlango wa huyo mtu unafunguka barabara nyingine, na sisi hatujawahi kumwona. Tulichokijua kwake ni redio. Kila jioni ukutani kulisikika muziki wa dansi wa zamani: dum, dum-du-dum, dum. Wifi alikuwa akibandika sikio, anasikiliza, anarudi kabatini, anatafuta, anakosea, anarudi ukutani. Akipata, anapiga ngumi hewani.

"Huu wa leo unaujua, wifi?"

Akapiga. Nikasikiliza kwa heshima zote. "Siujui."

"Huujui! Si ule tuliokuwa tukicheza sote, ule wa mwanamke aliyesahau mwavuli?"

Niliuimba kimoyomoyo ule wimbo wa mwavuli na kujaribu kuuvalisha kile alichokuwa akipiga. Haukuenea hata kidogo. Lakini uso wake ulikuwa unang'aa, nikasema labda ni mimi. Shuleni nilikosomea mimi walitufundisha kuchambua ushairi, hawakutufundisha gita.

Mume wangu hakuwa na simile. "Dada, mbona nyimbo zako zote zinaguna? Kama mzee aliyeamshwa."

"Wewe ulipokuwa mdogo ulikoroma miaka kumi na nilikuwa nalala chumba hichohicho. Sikusema neno."

*

Sasa, kwenye dobi ile walikuwa wanaleta makoti yao meupe wanamuziki wa bendi inayopiga kwenye ukumbi wa nyuma ya soko. Kiongozi wao ni mwanamume mnene mwenye sauti ya kukwaruza, na huwa anasubiri koti lake palepale kwa kuwa haamini kulala mbali nalo. Siku hiyo alikuwa analalamika. Mpiga gita wao wa pili amehama na familia, na vijana wanaokuja kuomba nafasi wanapiga kama wanakimbizwa na mbwa.

Wifi alikuwa ameshika pasi juu ya kola ya lile koti. Alinisimulia baadaye kwamba moyo ulimdunda mpaka aliogopa ataunguza kitu.

"Kuna mtu namjua anapiga," alisema.

"Nani? Mwanao?"

"Mimi."

Kiongozi alicheka kidogo, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Akajikohoza. "Mama, sikudharau. Njoo Jumapili mchana ukumbini. Lakini nakwambia mapema, kila mtu nampa wimbo mmoja. Ukikwama, tunaagana kwa amani."

"Na mimi nakwambia mapema. Ukinicheka, koti hili nitalikunjakunja, upande nalo jukwaani kama kitambaa cha meza."

Juma lile nyumba yetu haikuwa na utulivu. Fundi redio, aliposikia gita lake limepata mwaliko, alimpa wifi waya wa kuliunganisha na redio yetu ya sebuleni, bure, "nione mwisho wake," alisema. Jumamosi mchana tulilichomeka. Mume wangu alikuwa amekaa na gazeti lake, akijifanya hayupo. Wifi alisimama katikati ya sebule bila kabati la kuegemea, akagusa uzi mmoja.

Vikombe viligongana kabatini. Gazeti lilishuka. Sauti ilijaa chumba, ikatoka dirishani, na mtu aliyekuwa anapita nje akasimama.

Wifi aliurudisha mkono nyuma kama aliyeungua. "Huyo ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe, dada," mume wangu alisema, na safari hii hakuongeza utani.

Alipiga mchana mzima. Jioni nikamkuta chumbani amelifuta gita kwa kitambaa chenye mafuta, amelilaza juu ya lile shuka lake.

"Wifi, wakinicheka?"

"Watakuchekea nini?"

"Sijui. Mtu hajui anachochekewa, ndiyo maana anachekwa." Alinyoosha kona ya shuka kwa kiganja, kama anapiga pasi. "Wakinicheka, Jumatatu nalirudisha kwa fundi. Si kwa hasira. Ila sitaweza tena kulitazama, nalo haliwezi kuacha kunitazama."

Nilijua hatanii. Ni mtu wa kurudisha vitu. Maisha yake yote ni kupokea nguo za watu, kuzinyoosha na kuzirudisha kwa wenyewe. Sikulala vizuri. Nilijikuta nataka jambo hili lifanikiwe, kwa nguvu ambazo sikumbuki mara ya mwisho kuzitumia kwa jambo langu.

*

Ukumbi wenyewe mchana ni mahali pa kawaida sana. Viti vimepandanishwa, sakafu imetoka kupigwa deki, feni inazunguka kwa uvivu. Jukwaani walikuwepo Kiongozi, mpiga ngoma, kijana wa gita la solo, na nyuma kabisa mzee mrefu mwembamba mwenye gita la bezi, lile la nyuzi nne nene na sauti ya chini. Huyu walimwita Nguzo. Kiongozi alitueleza sababu: akipiga hatikisi hata unyayo, lakini ukimwondoa, bendi yote inaanguka. Zamani alikuwa dereva wa malori.

Wifi alifunua gita. Kijana wa solo alilitazama, akatazama pembeni, akiuma midomo. Waliliunganisha na spika kubwa. Kiongozi akasema, "Tupige ule wa mwavuli, kila mtu anaujua," na mpiga ngoma akaanza.

Nikamwona wifi anaangaza macho huku na huku. Kisha akatembea hadi kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, akaegemeza kichwa cha gita kwenye mbao.

"Mama," kijana alisema, "spika iko huku."

"Naijua. Hapa ni mazoea tu."

Akapiga. Alipiga kwa usafi, bila woga, vidole vyake vikikanyaga pale pale alipokuwa akikanyaga kila jioni. Na muziki ukavurugika. Kijana wa solo alijaribu kumfuata akapotea. Ngoma ilisita. Kiongozi aliinua mkono, kila kitu kikanyamaza isipokuwa wifi, aliyemalizia kipande chake peke yake.

"Mama," Kiongozi alisema polepole. "Nyuzi nyingine mbili ziko wapi?"

"Sijazihitaji."

"Na hicho ulichopiga ni nini?"

"Si huo wimbo wenu wa mwavuli?"

Mpiga ngoma ndiye aliyeelewa kwanza. Fimbo zilimponyoka. "Jamani! Mama anapiga bezi! Anapiga bezi kwenye gita!"

Wakaangua kicheko, na mimi nikaelewa palepale, nikatamani sakafu ile yenye maji inimeze. Ukuta! Ukuta hauachii sauti nyembamba ipite. Gita, tarumbeta, mwimbaji na mwavuli wake, vyote vilikuwa vimebaki upande wa pili. Kilichopenya kumfikia ni bezi tu. Alikuwa amejifunza wimbo baada ya wimbo wa kitu ambacho hakuwa nacho mkononi, na nyuzi zake nne nene zilikuwa zimemsaidia kupotea.

Kiongozi, lazima niseme haki, hakucheka kwa nguvu. "Mama, umepiga vizuri. Lakini bezi tunaye. Huyu hapa."

"Nimeelewa," wifi alisema. Akachomoa waya. Alilitandika shuka juu ya kiti, akalilaza gita na kuanza kukunja, pembe hii, pembe ile, kwa mikono ya kazi. Nilipomfikia nilimshikia pembe moja.

"Arudie," sauti ilisema.

Alikuwa Nguzo. Hakuwa amecheka, na sasa alikuwa amesimama.

"Mzee, tusipoteze muda wa mama," Kiongozi alisema.

"Nimesema arudie. Pale katikati, kabla ya wimbo kugeuka kurudi mwanzo."

Wifi alinitazama. Nikalichukua shuka. Akalichomeka gita tena, akapiga kipande kile, na Nguzo akasikiliza ameinamisha kichwa. Wifi alipofika mahali fulani, mzee akapaza sauti: "Hapo! Mmesikia? Hapo ameruka!"

"Ameruka nini?"

"Nota! Kuna nota hapo. Kila mpiga bezi duniani anaipiga." Aliinua mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa kimenyooka kama penseli, hakikunji. "Boneti la lori liliniangukia. Nota ile siifikii, kwa hiyo nairuka. Dunia nzima anayeiruka ni mtu mmoja, na ni mimi. Sasa huyu mama kaniibia wapi kosa langu?"

"Sijaiba," wifi alisema. "Nimejifunza ukutani."

"Ukuta gani?"

"Wa chumbani kwangu. Kuna jirani ana redio nyuma yake."

"Unakaa wapi?"

"Mtaa wa kiwanda cha sabuni. Mlango wetu unatazama ghala."

Nguzo aliketi tena, taratibu. "Wangu unatazama shule ya msingi, mtaa wa nyuma yenu," alisema. "Ile si redio, mama. Ni mimi nafanya mazoezi." Kisha uso wake wote ukafunguka. "Kwa hiyo kile kinachonijibu ni wewe! Kila nikinyamaza, ukuta unanirudia, polepole, unakosea, unarudi tena. Miezi sasa! Nimemwambia mke wangu, akasema ni uzee. Nimekwenda kupimwa masikio mimi!"

Safari hii walicheka wote, na wifi alicheka kuliko wote, ameshika meza, machozi yanamtoka. Niliona hatari imepita pembeni yake, ikaenda zake.

"Pigeni pamoja," Kiongozi alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Walipiga. Nguzo chini, wifi juu yake, maneno yaleyale kwa sauti mbili, kama baba na binti wanaotembea hatua moja. Kitu kile kilichokuwa kinaguna kabatini kwetu, sasa kilikuwa na miguu. Kijana wa solo aliingia bila kuambiwa, na hakupotea. Mpiga ngoma aliacha kucheka akawa anatikisa kichwa. Nilijikuta nimesimama juu ya vidole vya miguu, shuka la wifi nimelikumbatia kifuani.

"Tena," Kiongozi alisema. Wakarudia. "Tena. Na ile nota?"

"Aipige yeye," Nguzo alisema. "Ana vidole vyote. Mimi nitaruka, yeye akanyage."

"Siijui," wifi alisema. "Sijawahi kuisikia."

Nguzo akaitoa kwa mdomo: "Dii." Wifi akaitafuta kwenye uzi, akaikosa, akaipata. Walipofika pale katikati, Nguzo akaruka, na katika lile pengo nota ikaanguka, moja tu, safi kama tone la maji kwenye sufuria. Nguzo alifumba macho. Unyayo wake wa kulia ukapiga sakafu, mara moja. Mpiga ngoma aliuona, akanyoosha fimbo kuuonyesha, asiamini.

Kiongozi alijifuta jasho. "Mama mkubwa si ana mdogo wake, naye anaitwa mama mdogo? Basi. Bezi mkubwa ni huyu mzee. Na wewe kuanzia leo ni Bezi Mdogo. Mazoezi Jumanne na Alhamisi. Na ununue zile nyuzi mbili."

"Za nini?"

"Za heshima tu, mama. Watu wasituulize."

*

Mume wangu alikuwa mlangoni tulipofika, amejiegemeza kana kwamba alikuwa anatazama hali ya hewa.

"Vipi, dada? Wamekucheka?"

"Sana!" wifi alisema, akampita na gita lake bila shuka, kila mtu wa mtaani alione. "Wamenicheka, acha! Mdogo wangu amekula?"

Jioni ile redio ya nyuma ya ukuta, ambayo haikuwa redio, ilianza kama kawaida. Dum, dum-du-dum. Nilikwenda kukaa kitandani kwa wifi. Mume wangu alibaki sebuleni lakini alipunguza sauti ya taarifa ya habari. Wifi aliegemeza kichwa cha gita, si kabatini sasa, ukutani penyewe. Akasubiri. Alikuwa na uso wa mtu aliyeketi mezani akisubiri aletewe chakula chake mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Wimbo ulifika katikati, ukafika pale kabla ya kugeuka, ukaruka.

Akaitia nota yake.

Upande wa pili mzee akaacha kupiga. Kisha ukutani zikasikika ngumi tatu: ngo, ngo, ngo.

"Nani huyo anabisha hodi ukutani?" mume wangu alipiga kelele kutoka sebuleni.

"Karibu!" wifi aliitikia, mdomo ameusogeza kwenye chokaa. "Karibu ndani!"